Kabla ya Pepa ya Hisabati: Shilingi Yako Inanunua Maswali Mangapi?

Mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne nchini Tanzania, kwa mpangilio wa miaka ya karibuni, una maswali 14 na muda wa saa 3. Sehemu A ina maswali 10 yenye alama 6 kila moja, Sehemu B ina maswali 4 yenye alama 10 kila moja, na yote yanajibiwa. Daraja D linaanzia alama 30. Piga hesabu: mwanafunzi akijibu kwa ukamilifu maswali 5 tu ya Sehemu A, F ameshaikwepa. Hata hivyo, katika matokeo ya mwaka 2022 waliofaulu somo hili walikuwa takriban asilimia 20. Wanne kati ya kila watano walikosa hata hizo alama 30.

Wazazi hawajakaa kimya. Kuanzia mwezi wa saba hadi Novemba fedha hutoka kwa wingi: ada ya tuisheni, vitabu vya maswali na majibu, mchango wa kambi, bando la intaneti, fotokopi za kila wiki. Mwenye mtoto wa kidato cha nne anajua kwamba miezi hiyo ni mizito kuliko Januari. Ninachotaka kuangalia hapa ni kile ambacho mnunuzi yeyote huangalia sokoni: nalipa nini, na napata nini.

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyote. Hesabu maswali ambayo mtoto ameyafanya kwa mkono wake mwenyewe, kisha akasahihishwa siku hiyohiyo. Saa alizokaa darasani hazitoshi kuwa kipimo, wala kurasa alizonakili, wala umaarufu wa mwalimu. Gawanya fedha uliyolipa kwa idadi ya maswali hayo, utapata bei ya swali moja. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, kwa sababu fotokopi ya Kariakoo haina bei sawa na ya Namanyere. Weka za mtaani kwako, hesabu itabaki ileile.

Tuisheni

Hili ndilo chaguo la kwanza la wazazi wengi wa mjini, na lenyewe si baya. Tuseme mwalimu anatoza shilingi 20,000 kwa mwezi, vipindi 12. Katika kila kipindi mtoto anafanya maswali 4 na mwalimu anapita kwenye daftari lake na kalamu nyekundu. Mwezi mzima ni maswali 48, kila moja limegharimu kama shilingi 417. Kwa mtoto aliyeachwa nyuma tangu kidato cha pili, ambaye anahitaji mtu mzima wa kumwonyesha alipopotea, bei hiyo naikubali.

Sasa chukua banda lenye wanafunzi 80. Mwalimu ni hodari, sauti yake inafika nyuma, anasolvu swali baada ya swali ubaoni na vijana wananakili. Mtoto anatoka hapo amejaza kaunta buku, anaamini kwamba ameelewa kwa sababu mwalimu alieleweka. Akiachwa peke yake na swali lilelile kesho yake, hajui aanzie wapi. Ikiwa kwenye kipindi kizima alipata nafasi ya kufanya swali moja tu, bei ya swali imefika shilingi 1,667, na nauli ya daladala bado haijahesabiwa.

Kabla ya kulipa, mzazi, omba kuona daftari la mwanafunzi aliyesoma hapo mwezi uliopita. Ukikuta kazi safi isiyo na mkato, isiyo na alama ya kosa, isiyo na wino mwekundu, ujue vijana wananakili. Daftari la mtu anayejifunza hisabati huwa na makosa, na makosa hayo yamerekebishwa pembeni.

Jirani zetu wa Kenya waliamua kuliweka jambo hili kisheria: Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumlazimisha mwanafunzi kusoma tuisheni ya likizo. Iwe kuna sheria au hakuna, mzazi ndiye anayebaki na jukumu la kuuliza anachokinunua.

Kitabu cha majibu na pasti pepa

Kitabu cha mitihani kumi iliyopita pamoja na majibu yake, tuseme kinauzwa shilingi 12,000. Kina maswali 140. Mtoto akiyafanya yote, kila swali limemgharimu kama shilingi 86, ambayo ni bei nzuri sana. Tatizo ni kwamba jibu limechapwa chini ya swali. Jicho linashuka lenyewe. Anasoma suluhisho, anatikisa kichwa, anafungua ukurasa unaofuata. Jioni nzima inakwisha hajafanya hata swali moja. Isitoshe, baadhi ya vitabu hivi hutungwa kwa haraka na majibu mengine yana makosa, na mwanafunzi dhaifu hana namna ya kuyagundua. Ukinunua, nunua kimoja kwa wanafunzi wanne, na mmoja wao akishike huku wengine watatu wakifanya. Anayeshika kitabu anakuwa msahihishaji wa siku hiyo.

Lakini kabla ya kununua chochote, jua kwamba Baraza la Mitihani la Tanzania huweka mitihani iliyopita kwenye tovuti yake bure. Mtihani mmoja ni kama kurasa 6. Miaka kumi ni kurasa 60. Kwa fotokopi ya shilingi 100 ukurasa, ni shilingi 6,000. Kundi la diskasheni la watu wanne linachanga 1,500 kila mmoja, na kila swali kwa kila kichwa linafika kama shilingi 11. Hakuna kitu cha hisabati kinachouzwa kwa bei hiyo mahali pengine.

Hapa ndipo mchezo wa kwanza unapoingia, nao hauna gharama zaidi ya mkasi na kapu. Chukua mitihani hiyo kumi, ikate vipande, kila kipande swali moja, bila mwaka wala namba ya swali. Vitie kwenye kapu, au ndoo, au mfuko wa Rambo. Kila kundi linachota kipande kimoja. Kabla mtu hajagusa kalamu, kundi linatamka mambo mawili: swali hili ni la mada gani, na tutaanza na hatua gani. Mwalimu akiridhika, wanafanya. Wakikosea mada, kipande kinarudi kapuni na zamu inapita.

Wengine wataona ni mchezo wa kitoto. Ukweli ni kwamba unatibu ugonjwa mkubwa wa marudio yetu. Tumezoea kurudia mada kwa mada: wiki hii logarithimu, wiki ijayo seti, inayofuata matriksi. Mwanafunzi anafanya maswali ishirini ya logarithimu akijua tangu mwanzo kwamba ni logarithimu. Kwenye chumba cha mtihani hakuna anayemwambia. Mwaka 2015 Doug Rohrer na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa darasa la saba huko Florida, Marekani. Wanafunzi waliofanya mazoezi yaliyochanganywa mada walipata wastani wa asilimia 74 kwenye jaribio la mwezi mmoja baadaye. Mada zilizofanyiwa mazoezi kwa mafungu zilipata asilimia 42. Maswali yalikuwa yaleyale, kilichobadilika ni mpangilio, na kubadilisha mpangilio hakuhitaji mchango wa mzazi.

Hazina ambayo haifunguliwi

Baraza la Mitihani hutoa kitu kingine ambacho walimu wengi wanakijua na wazazi wengi hawajawahi kukisikia: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kwa kila swali la mtihani, taarifa inaeleza watahiniwa wamelifanyaje, ni asilimia ngapi wamepata alama za chini, wamekosea wapi, na inaweka picha za majibu halisi yaliyoandikwa kwa mkono, mazuri na mabaya, bila majina ya wenyewe. Nayo inapatikana kwenye tovuti bure. Zipo za Kidato cha Nne, na zipo za Darasa la Saba.

Kwa maoni yangu hii ndiyo nyenzo bora kuliko zote zinazotajwa hapa, na ndiyo inayotumika kidogo kuliko zote. Taarifa ni ndefu, kwa hiyo usichapishe yote. Chagua kurasa za mada tatu au nne zinazowasumbua wanafunzi wako. Nakili jibu moja baya kwenye karatasi ya manila kwa herufi kubwa, bila alama. Bandika ukutani. Fanya hivyo kwa majibu sita, kuta zote za darasa. Kila kundi linazunguka na kalamu, dakika 8 kwenye kila karatasi, na kazi yake ni kuwa mtahini: swali lina alama 6, huyu anastahili ngapi, na kila alama iliyokatwa imekatwa kwenye mstari upi.

Ukisimama karibu utasikia mabishano ambayo hakuna mwalimu anayeweza kuyalazimisha.

"Huyu mpe mbili."

"Mbili za nini, dada? Fomula kaandika, namba kaingiza vizuri, kaharibu kwenye kutoa tu."

"Basi nne. Ila jibu halina sentimita, ondoa."

Kijana ambaye miaka minne ameogopa kukosea, ghafla amekaa upande wa pili wa meza. Anaona kwamba alama hutolewa kwa hatua, kwamba anayeandika fomula na kuingiza namba tayari ana kitu mkononi, na kwamba kuacha swali wazi ni kutupa alama ambazo pengine alikuwa nazo. Anaona pia kosa lake mwenyewe kwenye mkono wa mtu mwingine: yule anayefungua mabano ya (a + b) kwa kipeo cha pili akaandika a² + b², yule anayesahau kubadili mita kuwa kilomita, yule anayetafuta wastani wa data zilizowekwa kwenye makundi bila kutafuta katikati ya kundi. Kosa aliloligundua mwenyewe kwa mwingine hulirudia kwa nadra.

Gharama ni hizi: fotokopi za kurasa 40, tuseme shilingi 4,000, manila na gundi, tuseme shilingi 10,000 kwa muhula mzima. Mabishano yafanyike kwa Kiswahili bila woga, halafu hitimisho liandikwe kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha atakayoikuta kwenye pepa. Wapo wanaoamini kwamba kumlazimisha mtoto abishane kwa Kiingereza kunamsaidia mtihani. Ninachokiona ni kwamba kunamnyamazisha, hasa msichana aliyekaa nyuma, na hisabati aliyonayo kichwani haitoki nje.

Vibao, vizibo na karata

Darasa la wanafunzi 60, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Mwalimu akimwita mwanafunzi mmoja mmoja ubaoni, maswali 8 yanafanywa na watu 8. Hamsini na wawili waliobaki ni watazamaji. Hayo ndiyo marudio ya kawaida katika shule zetu, na hasara yake ni kubwa kuliko hasara yoyote ya fedha.

Vibao vidogo vinaigeuza hesabu hiyo. Kipande kizima cha hadibodi au plaiwudi nyembamba kina futi 4 kwa 8, yaani kama sentimita 122 kwa 244. Fundi seremala akikata miraba ya sentimita 30 kwa 30, unapata vibao 32. Paka rangi nyeusi ya ubao, acha ikauke, gawa kibao kimoja kwa wanafunzi wawili. Tuseme mbao, fundi na rangi vimefika shilingi 48,000: kila kibao ni shilingi 1,500. Mwalimu anatoa swali, dakika kadhaa zinapita, anasema "Inua!" na vibao 30 vinainuka kwa pamoja. Kwa mtupo mmoja wa macho anajua nani amepata na nani amepotea. Maswali 8 yamezaa majibu 240 badala ya 8. Kwa vikao kumi ni majibu 2,400, kila moja kwa shilingi 20, na mwakani vibao vipo vilevile.

Kuna njia ya haraka zaidi: mfuko wa plastiki angavu wa kuhifadhia karatasi, ndani yake karatasi nyeupe, juu unaandika kwa makapeni ya ubao mweupe na kufuta kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Kwa kundi dogo la nyumbani inafaa sana. Kwa darasa kubwa siipendekezi, maana makapeni hukauka haraka, na kununua nyingine kila wiki kunazidi bei ya chaki mara nyingi.

Sharti moja la vibao: anayeandika na anayeeleza wabadilishane kila swali. Bila hivyo, mwenye akili nyepesi atashika chaki kuanzia mwanzo hadi mwisho na mwenzake atabaki kuinua mkono.

Bingo nayo ina mahali pake. Kila mwanafunzi anachora miraba 9 na kuijaza kwa namba anazozichagua kutoka orodha ya ubaoni. Mwalimu anataja: logarithimu ya 1,000 kwa kizio 10, 2 kwa kipeo cha 5, sini ya nyuzi 30. Mwenye 3, mwenye 32, mwenye nusu, anaweka kizibo cha soda. Ni mchezo wa dakika 15 za kuchangamsha darasa mchana wa jua kali, na unasaidia kukumbuka vitu vinavyotakiwa kuwa kichwani. Hautamfundisha mtu kutatua swali la maneno, na asiyejua hilo atacheza bingo mwezi mzima akidhani anarudia hisabati.

Kwa wanaosumbuliwa na namba hasi, na ni wengi hata kidato cha nne, pakiti moja ya karata inatosha familia nzima. Karata nyekundu ni hasi, nyeusi ni chanya; kila mmoja anafunua mbili na kutaja jumla. Baada ya wiki moja ya kucheza baada ya chakula cha jioni, ujumlishaji wa namba hasi unaacha kuwa fumbo.

Neno juu ya mashindano. Mchezo unaompa alama anayejibu wa kwanza utachezwa na watu watatu. Wengine 57 watapiga makofi. Ili ushindi uwe wa wote, jina la mjibuji litoke kwa kura, na kundi lipate alama tu ikiwa huyo aliyetajwa, yeyote awaye, anaweza kueleza hatua zote. Hapo wenye uwezo hulazimika kuwafundisha wenzao kabla ya kura kupigwa, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Simu na televisheni

Kahoot, programu ya mchezo wa maswali iliyoanzia Norwei mwaka 2013, inapendwa duniani kote na ina toleo la bure. Kwa sekondari zetu nyingi siioni kama chaguo. Kila mchezaji au kila kundi linahitaji kifaa chenye intaneti, na shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Mbali na gharama, kwa kawaida inampa alama nyingi zaidi aliyejibu upesi, na upesi si sifa tunayoihitaji kwenye swali la hatua sita.

Plickers ni habari tofauti. Simu inayohitajika ni moja tu, ya mwalimu. Kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye umbo lake. Akiielekeza upande mmoja ni A, upande mwingine ni B, na kadhalika. Mwalimu anapitisha kamera darasani na majibu yote yanaingia. Kadi 40, mbili kwa ukurasa, ni kurasa 20: shilingi 2,000, mara moja tu. Lakini inapima kuchagua jibu peke yake. Kwa hiyo naiona inafaa zaidi Darasa la Saba, ambako sehemu kubwa ya mtihani wa Septemba ni kuchagua herufi na kuweka kivuli kwa penseli. Kwa Kidato cha Nne, ambako alama ziko kwenye hatua, ni nyongeza tu.

Kwa watoto wa msingi, Ubongo Kids, katuni za hisabati na sayansi zilizoanza kurushwa mwaka 2014, zimefundisha kwa Kiswahili kitu ambacho vitabu vingi vilishindwa: kwamba hesabu ni jambo la kufurahia. Ukiitazama kwenye televisheni haikuongezei gharama yoyote. Mzazi akae naye, na kipindi kikiisha ampe mtoto swali moja la aina ileile alifanye kwa daftari. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure, na Shule Direct ina masomo ya sekondari yanayofuata mtaala wetu. Tofauti ya gharama iko kwenye bando: mtihani uliopita ni faili dogo unalopakua mara moja na kuchapa, wakati video ya nusu saa inaweza kumeza megabaiti mia na zaidi. Mwenye bando dogo apakue maandishi.

Jambo moja la simu linanitia wasiwasi kuliko bando. Pepa ya Hisabati ya Kidato cha Nne hairuhusu kikokotoo. Kinachoruhusiwa ni majedwali ya hisabati ya Baraza. Mtoto anayerudia akiwa na kikokotoo cha simu pembeni anajizoesha kwa mtihani ambao haupo. Kijitabu cha jedwali ni cha bei ndogo, na kila kundi la marudio liwe nacho kuanzia siku ya kwanza.

Kambi

Kambi za kitaaluma zina faida ambayo sitaidharau: mtoto anayeishi kwenye chumba kimoja na ndugu watano, bila umeme, anapata taa na meza. Kwa huyo, gunia la mahindi na debe la maharage vina thamani. Lakini kambi inayowaamsha watoto saa 10 usiku na kuwalaza saa 6 usiku inawachosha wakati ambao akili inatakiwa kuwa na nguvu. Ukiombwa mchango, omba ratiba. Angalia saa za kulala kabla ya kuangalia saa za kusoma.

Na katika chaguo lolote utakalochukua, michezo isimame kwa muda wiki mbili za mwisho ili kila mtoto afanye angalau pepa moja nzima: saa 3 kamili, kimya, jedwali mkononi, bila kikokotoo. Fotokopi yake ni shilingi 600. Shule isiyoweza iandike maswali ubaoni. Mtihani wa utamilifu hufanya kazi hiyo kwa kiasi, ila mara nyingi alama hurudi bila maelezo. Omba karatasi yenyewe irudishwe kwa mtoto.

Ningeshauri nini, basi, kwa bodi ya shule yenye kidato cha nne cha wanafunzi 60? Vibao 32 kwa shilingi 48,000. Seti mbili za mitihani kumi iliyopita za kukata na kutia kapuni, 12,000. Kurasa za taarifa ya uchambuzi, 4,000. Manila na gundi, 10,000. Jumla ni 74,000, ambayo ni chini ya shilingi 1,300 kwa mwanafunzi, na sehemu kubwa ya vifaa hivyo itatumika tena mwakani. Kwa kuwa elimu yetu ni bila ada tangu 2016, mchango kama huo upite kwenye utaratibu rasmi wa bodi na risiti zionekane. Tuisheni naiweka nafasi ya pili, kwa mtoto mwenye pengo kubwa tu, na kwa mwalimu mwenye kundi dogo anayesahihisha madaftari. Kitabu cha majibu kiwe cha tatu, na kinunuliwe kwa kuchangiana. Programu za simu ziwe za mwisho.

Mzazi ambaye shule ya mwanawe haina lolote kati ya haya asisubiri kikao cha bodi. Jumamosi hii pakua mtihani mmoja, ukate maswali 14, uite watoto wengine watatu wa jirani, uwape kapu na jedwali. Wakimaliza, waambie wabadilishane karatasi na kusahihishana kwa kalamu nyekundu.